Kodi ya pensheni ya Uingereza kwa waliorudi Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bahasha za kahawia zikishafika, mwezi wa Machi na Aprili, baraza langu la Ng'ambo halipungui mtu. Anakuja aliyekuwa muuguzi Birmingham, anakuja aliyeendesha basi London miaka ishirini na saba, anakuja mama aliyelea wazee wa watu Leicester mpaka magoti yakamkatalia. Kila mmoja ana karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, na swali lao karibu ni moja: mbona hiki kijipensheni changu kidogo ndicho kinachokatwa?

Nimekusanya hapa ninayoulizwa zaidi. Viwango ni vya mwaka wa kodi wa 2026/27, ulioanza tarehe 6 Aprili 2026 na utakaokwisha tarehe 5 Aprili 2027. Nikisema "pensheni ya serikali" nakusudia ile ya uzeeni inayotokana na michango ya bima ya taifa ya Uingereza. "Pensheni ya kazini" ni ile ya mwajiri au ya kampuni ya bima, hata kama ni pauni kumi kwa mwezi. HMRC ni mamlaka ya kodi ya huko.

Pensheni ya serikali inatozwa kodi au haitozwi?

Inatozwa. Kinachowababaisha watu ni kwamba haikatwi. Idara inayoilipa inaituma nzima nzima, haichomoi hata peni moja. Basi mtu akiona ya serikali inaingia kamili na ya kazini inaingia imemegwa, anaamini moja ina kodi na nyingine haina. Kwa sheria ya Uingereza zote mbili ni pato. Zinajumlishwa kwanza, kisha hesabu ndiyo inaanza, na kodi ya zote mbili hukusanywa kutoka kwenye ile ya kazini kwa sababu ndiyo pekee yenye mkataji.

Hesabu yenyewe inakwendaje?

Kila anayestahiki ana kiwango cha pato kisichotozwa kodi, pauni 12,570 kwa mwaka. Kiwango hicho hakijapandishwa tangu Aprili 2021, na serikali ya kule imeamua kibaki hapo hapo hadi Aprili 2031. Kinachozidi, mpaka pato la pauni 50,270, hutozwa asilimia 20.

Sasa tuseme uko kule bado, au umehama juzi tu. Pensheni mpya ya serikali kwa aliyetimiza miaka 35 ya michango ni pauni 241.30 kwa wiki. Zidisha kwa 52, unapata 12,547.60. Toa kwenye 12,570. Panabaki pauni 22 na peni 40. Hizo ndizo zilizobaki kuifunika pensheni yako ya kazini kwa mwaka mzima! Mwenye pensheni ya kazini ya pauni 250 kwa mwezi, yaani 3,000 kwa mwaka, atatozwa kwa 2,977.60, na kodi yake ni pauni 595.52. Ni karibu pauni 50 kila mwezi kutoka kwenye zile 250.

Linganisha na mwaka 2016/17. Pensheni kamili wakati huo ilikuwa 155.65 kwa wiki, sawa na 8,093.80 kwa mwaka, na kiwango kisichotozwa kilikuwa 11,000. Mtu huyo huyo mwenye 3,000 za kazini alikuwa akilipa pauni 18.76 kwa mwaka mzima. Hakuna aliyemwongezea asilimia ya kodi. Pensheni ya serikali imepanda mwaka hadi mwaka na kiwango kimesimama, basi nafasi iliyokuwa ya pensheni ya kazini imeliwa.

Nimesikia serikali imeahidi wastaafu hawatalipa kodi. Ni kweli?

Ahadi hiyo, iliyotolewa kwenye bajeti ya Novemba 2025, ni ya mtu ambaye pato lake lote ni pensheni ya serikali ya kawaida basi, na inahusu mwaka wa 2027/28 na kuendelea. Mwenye kijipensheni cha kazini, hata kidogo vipi, asiitegemee.

Mimi nimerudi tangu 2017. Mbona sipati hizo 241.30?

Kwa sababu pensheni yako imegandishwa. Uingereza huipandisha kila mwaka kwa wanaoishi huko huko, kwa wanaoishi nchi za Umoja wa Ulaya na jirani zake, na kwa nchi kadhaa zenye mkataba nayo wa hifadhi ya jamii. Mauritius imo. Tanzania haimo. Ukihamia hapa, kiwango kinabaki kilipokuwa, na hakitapanda mpaka urudi kuishi kule.

Aliyehama Januari 2017 na 155.65 zake anapokea 155.65 mpaka leo. Mwenzake aliyebaki mtaa ule ule, waliofanya kazi zamu moja na kuchangia sawa, anapokea 241.30. Tofauti ni pauni 85.65 kwa wiki, zaidi ya 4,450 kwa mwaka. Mimi naona hii ni dhuluma, na nimeshawaandikia wabunge wa kule zaidi ya mara moja. Ukiwa na mtoto au mjukuu anayepiga kura Uingereza, naye amwandikie mbunge wake.

Upande wa kodi, lakini, kugandishwa kunabadilisha hesabu yote. Pato la mtu huyu ni 8,093.80 na 3,000 za kazini, jumla 11,093.80. Haifiki 12,570. Akiwa anastahiki kile kiwango, hadaiwi kodi hata peni. Na bado nimewaona wengi wa hali hii wanakatwa asilimia 20 kila mwezi miaka nenda miaka rudi, kwa sababu ya msimbo tu.

Msimbo wa kodi ni nini, na wangu una maana gani?

Ni zile tarakimu na herufi zilizoandikwa kwenye karatasi ya malipo na kwenye P60, karatasi ya mwaka unayopaswa kuletewa kabla ya tarehe 31 Mei. Ndiyo amri ambayo HMRC inaipa kampuni ya pensheni: kata namna hii.

1257L maana yake umepewa kiwango chote, 12,570. HMRC ikijua una pensheni ya serikali, huiondoa humo. Kwa mtu wa 241.30 kinachobaki ni kama 2L. Kwa mtu wa 155.65 kinabaki kama 447L, maana 12,570 ukitoa 8,093 ni 4,477 hivi. BR maana yake hupewi kiwango chochote, kata asilimia 20 kwenye kila peni. Msimbo unaoanza na K wanaupata wenye pensheni ya serikali inayopita 12,570, zaidi wale waliostaafu kwa utaratibu wa kabla ya tarehe 6 Aprili 2016 na nyongeza zake. Hapo kodi ya pensheni ya serikali inachukuliwa kutoka ya kazini, lakini kampuni hairuhusiwi kukata zaidi ya nusu ya malipo.

Ukiwa na pensheni za kazini mbili au tatu, kiwango hupelekwa kwenye moja na nyingine hupewa BR. Si kosa kwa lazima. Linakuwa kosa pale ile moja ni ndogo kuliko kiwango ilichopewa, nafasi ikabaki tupu, na huku nyingine inakatwa kamili. Mama mmoja wa Mkoani ana tatu: ya pauni 38 kwa mwezi, ya 61 na ya 140. Nafasi yake yote ilikuwa imewekwa kwenye ile ya 38. Tuliandika barua moja, ikahamishiwa kwenye ya 140.

Sina pensheni ya kazini ila nina kodi ninayodaiwa. Wanaikusanyaje?

Wanakuletea barua ya PA302, yenye hesabu na tarehe. Kwa kawaida unatakiwa ulipe kabla ya tarehe 31 Januari inayofuata mwisho wa mwaka wa kodi.

Pasi yangu ni ya Tanzania. Hicho kiwango cha 12,570 ninacho?

Hili ndilo swali ninaloomba kila mtu alisome mara mbili.

Ukiwa mkaazi wa Uingereza, pasi haina neno, unacho. Ukishahama na kuwa si mkaazi kwa kodi, sheria inaangalia uraia. Raia wa Uingereza anacho, na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya, Norway na wenziwe anacho pia, kwa hiyo Mzanzibari mwenye pasi ya Denmark au Sweden aliyefanya kazi London asijitoe. Raia wa Tanzania, kwa kawaida, hana. Baadhi ya nchi raia na wakaazi wake hukipata kupitia mkataba wa kodi na Uingereza. Kenya wana mkataba tangu 1973. Tanzania haina mkataba wa namna hiyo na Uingereza, kwa hiyo binamu yako wa Mombasa akikupa mawaidha yake, mshukuru, lakini usijaze fomu kwa kumfuata yeye.

Watu wakisikia hivyo wanashika vichwa. Mzee mmoja wa Wete, fundi wa mitambo ya hospitali aliyestaafu, alikaa juu ya mkeka wangu na kalamu, akazidisha mwenyewe: 11,093.80 kwa asilimia 20, akapata 2,218.76. Akaiweka kalamu chini, akanyamaza. Nikamwambia, ami, subiri, kuna mlango wa pili.

Mlango wenyewe ni huu. Kwa aliyekuwa nje ya ukaazi wa Uingereza mwaka mzima wa kodi, sheria inaweka kikomo. HMRC inafanya hesabu mbili. Ya kwanza, mapato yote na kiwango chako kama unacho. Ya pili, inaiacha kando pensheni ya serikali pamoja na faida za benki, haikupi kiwango chochote, na inatoza yaliyobaki tu. Unalipa ile iliyo ndogo. Kwa mzee wetu hesabu ya pili ni asilimia 20 ya 3,000, yaani pauni 600, na hadaiwi zaidi ya hapo. Pensheni yake ya serikali haiguswi.

Mwenye pasi ya Uingereza naye hutazama zote mbili. Kwa wengi ya kwanza ndiyo nafuu. Lakini chukua mtu wa utaratibu wa zamani mwenye pensheni ya serikali ya 14,000 na ya kazini 3,000: ya kwanza inampa pauni 886, ya pili 600. Achague 600.

Hesabu ya pili haiji yenyewe. Inafanywa kwenye ritani ya kodi ya mwaka, pamoja na kurasa za wasio wakaazi, SA109. Na haitumiki kwa mwaka ule ule uliohama katikati yake.

Nani anahesabiwa si mkaazi?

Zipo kanuni ndefu, ila kwa mstaafu aliyerudi nyumbani mbili zinatosha. Ikiwa katika miaka mitatu ya kodi iliyopita ulikuwa mkaazi hata mmoja, usikae Uingereza siku 16 au zaidi ndani ya mwaka. Ikiwa yote mitatu hukuwa mkaazi, usifike siku 46. Ukizidi hapo hujawa mkaazi moja kwa moja, bali utaingia kwenye vipimo vingine vya nyumba, familia na kazi. Wanaokwenda kusubiri wajukuu wazaliwe waandike siku zao kwenye daftari. Na siku ya kuhama, jaza fomu P85.

Nina vipensheni vidogo vya kampuni mbalimbali. Nivivunje nichukue mkupuo?

Tangu Oktoba 2012 waajiri wa Uingereza walianza kulazimishwa kuwaandikisha wafanyakazi kwenye pensheni, ndiyo maana aliyehama kazi kila baada ya miaka miwili ana vifungu vitano vya pesa asivyovikumbuka. Kifungu kisichozidi pauni 10,000 kinaweza kuchukuliwa chote kwa mkupuo. Vya binafsi unaruhusiwa vitatu kwa njia hii, vya waajiri havina idadi. Umri ni miaka 55, na utakuwa 57 kuanzia tarehe 6 Aprili 2028. Robo haina kodi. Robo tatu zinahesabiwa pato la mwaka huo, na kampuni kwa kawaida hukata asilimia 20 papo hapo bila kujua hali yako.

Tuchukue kifungu cha pauni 8,400. Robo ni 2,100, hiyo ni yako safi. Zinabaki 6,300, zinakatwa 1,260. Mwenye pasi ya Uingereza na pensheni iliyogandishwa ya 8,093.80, bila pato jingine, ana nafasi ya 4,476.20 bado. Kwa haki anadaiwa kodi ya 1,823.80 tu, yaani pauni 364.76. Anarudishiwa 895.24 akiomba. Asipoomba, zinabaki huko.

Kama unavyo viwili vikubwa kidogo, usivivunje mwaka mmoja. Kimoja kabla ya tarehe 5 Aprili, kingine baada ya tarehe 6, na kila mwaka unatumia nafasi yake. Kwa mwenye pasi ya Tanzania hilo halimsaidii, maana kwake ni asilimia 20 ya robo tatu mwaka wowote.

Na usivunje kwa sababu tu kodi inakukera. Pauni 38 za kila mwezi zinazolipwa mpaka kufa, pengine zikimpitia na mjane, ni kitu. Nimeona mkupuo ukiishia kwenye bati na saruji kabla mwezi haujaandama.

Sikumbuki hata majina ya kampuni. Nitazipataje?

Serikali ya Uingereza ina huduma ya bure ya kutafuta pensheni zilizopotea. Unataja jina la mwajiri na miaka, wanakupa anwani ya mfuko. Usimlipe mtu kwa kazi hiyo.

Kodi waliyonikata kwa makosa naidaije?

Asiyejaza ritani, na anayestahiki kile kiwango, anatumia fomu R43. Una miaka minne tangu mwisho wa mwaka wa kodi husika. Ukichelewa, mwaka ule umekwenda. Jaza mwenyewe au mwanao aliyesoma akusaidie. Wapo wanaojitangaza kudai kwa niaba yako kisha wakachukua fungu zito la pesa zako, kwa fomu ambayo ni kurasa chache.

Na hapa nyumbani, nitatozwa tena?

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, kwa hiyo hata Zanzibar inasimamiwa na TRA. Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, ina kodi zake nyingine. Kwa sheria ya kodi ya mapato ya 2004, aliyeishi siku 183 au zaidi katika mwaka ni mkaazi, na mkaazi huhesabiwa pato lake la dunia nzima, isipokuwa yule ambaye jumla ya ukaazi wake nchini tangu azaliwe haijapita miaka miwili. Aliyezaliwa Chake Chake akakua hapo hawezi kujificha nyuma ya miaka miwili hiyo. Sheria hiyo hiyo inakubali kodi uliyokwishalipa nje ipunguzwe kwenye ile ya hapa, mradi uwe na ushahidi. Kwa hiyo P60 si karatasi ya kufungia karanga. Nenda ofisi ya TRA nazo mkononi, uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Napokea ZSSF pia, na nikifika miaka 70 nitapata Pensheni Jamii. Uingereza inazihesabu?

Ukiwa si mkaazi wa kule, hapana. Wao wanatoza kinachotoka kwao tu.

Pensheni yangu ya serikali imesimama ghafla. Ni kodi?

Karibu kila mara si kodi, ni fomu ya uhai. Huletwa kwa posta, inataka shahidi athibitishe kuwa uko hai, na isiporudi malipo yanasimamishwa. Shahidi awe mtu wa taaluma au mwenye cheo anayekubalika, kama daktari, wakili, mwalimu au ofisa wa benki, na asiwe jamaa yako. Bibi mmoja wa Micheweni alisainiwa na mwanawe, mwalimu wa skuli. Mwalimu anakubalika, mwana hakubaliki. Alikaa miezi bila ya pesa, na fomu ya pili ilisainiwa na daktari wa zahanati kwa dakika mbili. Ukihama nyumba au ukibadili sanduku la posta, waandikie mapema.

Nikija barazani nije na nini?

P60 za miaka minne, za kila pensheni. Barua ya mwisho ya msimbo wa kodi. Barua ya pensheni ya serikali inayotaja kiwango cha wiki. Pasi, kwa sababu swali langu la kwanza litakuwa uraia wako. Na daftari la siku ulizolala Uingereza. Nipo Jumamosi baada ya sala ya alasiri, na bahasha zije nazo hata kama hujazifungua.